Pumba kwa Stroberi

Festus alikuwa amejikinga na jua ndani ya duka la dawa za kilimo mjini Machakos alipomsikia mama mmoja akimfokea mwenye duka. Jina lake Wayua, mkulima wa stroberi kule Kyumbi. Alikuwa amepuliza dawa tatu tofauti, na utitiri mwekundu ulikuwa bado unafyonza majani.

"Wameizoea! Naona ni kama nawapikia chai."

Mtu mwenye haya angemwonea huruma. Festus alienda kununua pumba.

Jumatatu alifika kwa Wayua kwa pikipiki yake, amevaa koti jeupe la muuza nyama, na chupa sita mkobani.

"Mama, humu kuna wadudu askari. Chakula chao ni utitiri. Ni wadogo sana, huwezi kuwaona kwa macho."

Jirani, Bwana Kiema, afisa mstaafu ambaye hajawahi kukiri kwamba kuna jambo asilolijua, alivaa miwani akachungulia.

"Nawaona! Wanatembea!"

Akanunua chupa nne. Wayua alichukua mbili, akanyunyizia majani.

Baada ya wiki mbili akapiga simu. "Daktari, njoo uone maajabu."

Festus alikuta mistari miwili ya mbele imestawi, kijani kibichi.

"Wameisha kabisa," Wayua alisema. "Lakini mgongo wangu umechoka. Nipe hiyo pikipiki, uchukue mazao yote ya msimu huu. Si wewe uko na dawa?"

Festus alijua vizuri alichouza. Akamgeukia Kiema, aliyekuwa amekuja kuchungulia. "Na zako, mzee?"

Stroberi za Kiema zilikuwa zimekauka kama tumbaku. Lakini afisa mzima akiri kwamba alinunua chakula cha kuku?

"Zimepona zote!" aliapa.

Basi Festus akaanza kujiamini mwenyewe, ujinga ambao wateja wake walikuwa wakiulipia siku zote. Akasaini mkataba, akatoa ufunguo na hati ya pikipiki. Wayua akaondoka, vumbi likabaki.

Ndipo Festus alipofika mstari wa tatu. Utando mtupu wa utitiri, majani rangi ya kutu. Akarudi mbele, akang'oa mche mmoja wa kijani. Ulitoka na mfuko wake wa kitalu, mpya, mweusi.

Akampigia Wayua.

"Niko Mwala saa hii," Wayua alipaza sauti kuushinda upepo. "Aki hii pikipiki iko na nguvu!"

Kisha akakata simu, maana alikuwa anaendesha kwa mkono mmoja.