Ile Picha ya Watu Watatu

Jumatatu, 3 Machi 1997

Serikali imesema historia isifundishwe kwanza. Vizuri! Lakini Honorine, muuza karanga, ameniambia vitabu vya zamani bado vimo stoo ya shule ya Iriza, mjukuu wangu. Vile vyenye picha ya watu watatu, eti ndiyo makabila yetu: mrefu, wa kati, mfupi. Kwa picha ile mwalimu alimsimamisha mwanangu Nshuti mbele ya darasa, batoto wampime pua. Walicheka. Mwaka wa tisini na nne wachekaji walewale wakamfuata na mapanga. Ameniachia Iriza tu. Huyu hatasimamishwa na muntu. Nitavichoma.

Jumanne, 4 Machi

Nimempelekea mwalimu Ladislas jagi la pombe ya ndizi, nikaomba makaratasi ya kuwashia moto. Akanywa yote, mpaka povu! Kisha akasema mali ya serikali si kuni, Maman. Eti vitabu vya historia vilibebwa na gari zamani, stoo vimebaki vya hesabu tu. Mwongo. Na jagi langu hakurudisha.

Alhamisi, 6 Machi

Batoto wote wako kwenye misa ya shule. Honorine akamshika mlinzi kwa karanga na maneno matamu, mimi nikaingia. Maboksi mawili. Herufi nilizofundishwa parokiani ninazijua, lakini vile ni vya Kifaransa. Nikatafuta picha. Ndiyo hiyo! Watu kwenye mstari, mfupi hadi mrefu! Nimechoma vyote nyuma ya jiko. Honorine akaja kudai nusu yake ya kufungia karanga. Nikamwonyesha majivu, achukue nusu. Kaniita mchawi asiye na meno. Ninayo manne!

Ijumaa, 7 Machi

Iriza amelia. Vilikuwa vya hesabu. Wale kwenye picha ni batoto wanapimwa sentimita. Na mtihani wa taifa unakuja. Nimemkaangia mayai mawili.

Jumatano, 12 Machi

Iriza amerudi, hataki kula. Vitabu hakuna, kwa hiyo Ladislas anajaza saa ya hesabu kwa kuhadithia zamani: nani alitoka wapi, nani alimtawala nani. Mikononi hana kitu. Kisha mtoto mmoja wa nyuma akamwambia Iriza asimame, waone vizuri. Akasimama. Mtoto wangu akasimama!

Nimemlaza kifuani mpaka akasinzia, mkubwa vile. Halafu nikaenda kwa Ladislas, nikamkamata kola, nikadai kitabu. Akasema, bila kuniangalia, kwamba hakuna kitabu, Maman. Ndivyo alivyofundishwa yeye akiwa mdogo. Alifungua mdomo tu, yakatoka.

Mimi wa kudanganywa? Uongo mrefu vile hauwezi kukaa katika kichwa cha muntu, tena mlevi. Kuna kitabu kingine. Kesho ninapanda darini kwake.