Povu Langu Linashuka kwa Nyakio

Jumatatu, 3 Machi
Nyakio ameosha magari tangu asubuhi bila kupumzika. Mimi mawili, na moja ni la shemeji. Sote tumekodi ploti ya Mzee Gichuru hapa Riruta, paipu moja, mimi juu, yeye chini. Maji yale yale! Mama Anita wa Lavington, mwenye mabasi ya shule, ataleta mawili Jumamosi, moja kwangu, moja kwa Nyakio. Atakayeng'arisha zaidi ataosha yote mwaka mzima. Nimenunua sabuni ya stroberi. Nyakio hana habari.

Jumanne, 4 Machi
Nimevumbua njia. Nazamisha mpira wa maji hadi chini ya pipa la sabuni, nafungua mfereji, povu linajikoroga lenyewe. Maji yakapotea mtaani. Nikaenda kunywa chai. Kurudi, pipa nusu! Kitheka, mfanyakazi wangu, akaapa hakuna aliyelisogelea. Limepungua lenyewe, eti kama linanyonywa na jini. Jini gani? Jini anaitwa Nyakio.

Jumatano, 5 Machi
Maji yamepotea tena. Pipa likashuka nikilitazama. Huko chini mfereji wa Nyakio unatoa maji, tena yenye povu! Harufu ya stroberi mpaka Naivasha Road. Madereva wamepanga foleni. Mmoja akamwambia mikono yake ina baraka. Nyakio akanipigia kelele: "Baba Munyiva, leo maji ya Mzee yako na marashi!" Marashi! Yangu!

Alhamisi, 6 Machi
Mzee Gichuru, anayeishi chini ya Nyakio, amekuja na kikombe cha chai chenye povu. Akauliza kama nataka kumuua. Akaeleza: maji ya mtaa yakipotea, paipu haina nguvu. Aliye chini akifungua mfereji, inavuta kilicho ndani ya pipa langu. Maji yanarudi nyuma. Dawa ni mpira uning'inie juu, usiguse maji, au niweke valvu ya kupitisha upande mmoja tu. Nikaitikia ndiyo, Mzee. Nilikuwa nawaza. Kama paipu inambebea Nyakio sabuni, itambebea na tope. Jumamosi Mzee huwa shambani Waithaka. Chai yake iko salama.

Jumamosi, 8 Machi
Nimekoroga pipa la udongo mwekundu, nikazamisha mpira. Mungu mwema, maji yakapotea. Nikangoja Nyakio afungue mfereji. Wapi! Alikuwa amejaza mitungi jana. Akaosha basi lake kwa ndoo, akiimba. Mara nikasikia nduru ya Mama Anita. Kitheka alikuwa amefungua mfereji wetu wa pili, ule wa chini langoni, kusuuza basi letu. Lilikuwa la manjano. Sasa ni jekundu, hata viti. Madirisha yalikuwa wazi. Mama Anita akatamka maneno ambayo mwenye shule hapaswi kuyajua. Kazi amepewa Nyakio.

Jumapili, 9 Machi
Kanisani Nyakio alikaa mbele yangu, kilemba kipya. Nasikia amenunua sabuni yake mwenyewe kwa ajili ya mabasi. Ya ndimu, ya bei. Mzee amenisihi tena niondoe mpira pipani. Ajabu ya Mzee! Wiki nzima paipu imempelekea Nyakio sabuni yangu. Sasa ni zamu ya yake kupanda. Nimesugua pipa likatakata, nimezamisha mpira mpaka chini, na Kitheka ameonywa asiuguse. Tunangoja ndimu.