Kambare Niliyemlea Hadi Ukweni

Ndugu zangu, leo nimeaibika mpaka ng'ombe wangu wataona haya kuchungwa na mimi!

Mnajua ilikuwa siku yangu ya kwanza kufika kwa kina Furaha, kule Kingi, kumposa kwa baba yake. Papa Bahati ni mkulima wa maharage, na hana imani hata kidogo na sisi watu wa ng'ombe. Anasema tunajua maziwa tu. Nikasema, ngoja, nitampelekea samaki! (Mimi, ambaye sijawahi kugusa samaki tangu nizaliwe.)

Asubuhi nikanunua kambare sokoni Sake. Mkubwa, mweusi, ndevu zake zinazishinda za katekista wetu. Hatikisiki. Nikajua amekufa. Samaki akitoka majini afanye nini tena? Nikamfunga kikapuni kama tunavyofunga vibuyu vya maziwa visichache: majani mabichi chini, majani mabichi juu, maji baridi kila tukipita kijito. Kamio, lile lori nililopanda, ikisimama, namwagia. Ikisimama tena, namwagia. (Nilikuwa namlea, jamani! Namlea!)

Nikafika mvua inanyesha. Kikapu nikakiacha nje ya mlango. Kutoka pale hadi bwawani ni karibu tu, na bwawa hilo ndilo fahari ya Papa Bahati. Mzungu wa kilimo ndiye aliyeamuru lichimbwe, akaleta tilapia wadogo, na Papa amewalisha majani ya muhogo kwa mkono wake mwenyewe mpaka wakaanza kuzaa.

Tukaketi mezani. Papa akafumba macho, akaanza kusali. Mimi nikafumba jicho moja.

Lile lililobaki wazi likaona kikapu kinatikisika.

Kambare akatoka! Akajiinua kwa mapezi, akajinyonganyonga, akashika safari juu ya nyasi zenye maji, kuelekea bwawani. Hana hata haraka.

Nifanye nini? Nimkatize baba mkwe anaongea na Mungu? Nikasema kwa sauti, "Amina!"

Papa akafurahi. "Baba, huyu kijana iko muntu wa sala," akamwambia Mungu, akaendelea kuombea mashamba.

"Amina, Papa! Amina!"

Akaombea hata ng'ombe wetu. Mama Bahati akaanza kufuta machozi. Nje, kambare ameshapita migomba.

"Na bwawa yetu, Baba, uilinde na adui..."

Nikaruka! Benchi chini, sufuria ya mboga ya sombe chini, mimi nje. Nikamdaka mkia. Anateleza kuliko sabuni! Tukaingia majini wote wawili, pamoja na koti la kaka yangu (la kuazima).

Nilipoibuka na matope kinywani, nyumba nzima ilikuwa imesimama ukingoni.

"Unafanya nini mu bwawa yangu?" Papa akauliza.

"Papa, nilikuletea samaki. Alikuwa amekufa."

Hapo hapo kambare akatoa mdomo juu ya maji, akavuta hewa, akazama.

Papa akashika kichwa. "Kambare! Ile inavuta upepo kama muntu! Itakula watoto yote ya tilapia!"

"Basi tukaushe bwawa, Papa."

"Ukausha? Itajizika mu matope, itakungojea mpaka wewe njo ukufe!" Akaninyooshea kidole. "Furaha utamupata siku ile samaki itatoka. Mbele ya pale, hapana!"

Furaha alikuwa nyuma ya mama yake, anacheka mpaka ameshikilia mgomba asianguke. (Bado namtaka. Sasa hata zaidi.)

Basi jioni hii niko ukingoni na ndoana, nimevaa suruali ya Papa Bahati inayonifikia magotini. Kila mara kambare anakuja juu, anavuta pumzi, ananitazama, anarudi chini kula shemeji zangu. Nawaomba msicheke. Tulikuja ukweni wawili, na aliyekaribishwa ndani ni yeye.