Vikombe vya Hamda na Gari Korongoni

Jumatatu, 21 Oktoba

Nimeondoka! Peke yangu, korongo zima la Umm Sidra. Hakuna aliyewahi kulipita bila gari la pili nyuma yake. Jana barazani binamu yangu Dakhilallah alisema mbele ya wazee kwamba mimi hata nikienda msikitini nahitaji mtu wa kunisukuma. Watu walicheka. Atanitambua. Koleo nimeliacha nyumbani makusudi. Anayebeba koleo keshakubali kukwama.

Saa nane. Nimekwama.

Matairi yamezama mpaka ekseli, katikati kabisa ya mkondo mkavu wa maji. Nimechimba kwa birika la chai. Birika limepinda. Gari hili lilinunuliwa kwa dhahabu ya mke wangu, Nofa: bangili zote sita na mkufu wa mama yake. Na kaskazini, juu ya milima, wingu. Dogo. Lakini mvua ikinyesha kule, mafuriko hushuka huku hata kama jua linawaka.

Nimetembea saa nzima hadi hema la Hamda, mjane mwenye mbuzi. Nyuma ya hema, pikapu. Juu ya pikapu, kamba nene ya kuvutia magari. Alhamdulillahi!

Jumanne

Hajaniuliza kitu. Bila shaka. Mgeni haulizwi shida yake mpaka siku tatu zipite. Na mimi sitaomba! Niombe, halafu Dakhilallah asikie? Bora nife. Mpango wangu: ajitolee mwenyewe. Nimemwambia nimepita tu kumsalimu. Akavitazama viatu vyangu vilivyojaa mchanga, akasema, "Karibu, mwanangu. Kwa miguu? Mashallah, una afya." Akachinja mbuzi.

Wingu limekua.

Jioni nikaisifu kamba yake. Kijanja, kama kwa bahati tu. Kosa! Ukisifu kitu cha mwenyeji mbele yake, keshakupa. Akaifungua, akaniwekea mapajani. Nikakataa, akaapa. Sasa nina kamba, sina wa kunivuta. Pikapu naogopa hata kuitazama.

Jumatano

Sikulala. Wingu jeusi. Nimeamua: kahawa ikija, siinywi. Naweka kikombe chini, naye atajua nina ombi. Ndivyo tunavyofanya hata tukienda kuposa.

Kikombe kikaja. Nikakiweka chini. Hamda akakaa wima, macho yamemtoka, anangoja. Nikamwona Dakhilallah akilini, meno yote nje. Nikakinyakua, nikakinywa. Hamda akashusha pumzi, akaenda kuwafokea mbuzi.

Imetokea hivyo mara tisa. Radi imesikika kaskazini. Bangili sita! Nitamwambia nini Nofa?

Alhamisi

Asubuhi gari likasimama nje. Dakhilallah! Nofa ndiye aliyemtuma. Kapita korongoni, kaliona gari langu, kafuata nyayo zangu. Sikujua pa kuficha uso. Akapewa kahawa, akaiweka chini papo hapo. "Shangazi, sinywi mpaka unisaidie kumvuta huyu. Gari langu peke yake halimwezi."

Hamda akarusha mikono juu. "Kunywa, ombi limekubaliwa! Siku tatu ulimi unaniwasha! Huyu anakunywa kama ngamia, hasemi!"

Magari mawili, kamba moja. Likatoka. Hata hatujapumzika ukingoni, maji yakaja, mekundu, yakiviringisha mti mzima pale pale gari lilipokuwa. Nikalia. Kweli, nililia. Dakhilallah akageuza uso asinione. Hakucheka.

Angecheka ningemsamehe.

Jumanne, 29 Oktoba

Hajamwambia mtu yeyote! Siku tano barazani, kimya, ananiongezea chai. Ananihurumia mimi? Dharau gani hii! Jana mbele ya wazee wote niliapa kulipita korongo la jirani, jembamba zaidi, peke yangu. Dakhilallah akaniomba anifuate, hata kwa mbali. Wivu tu. Nofa alikaa akijishikashika mkono wake mtupu. Anajivunia, naona.

Saa kumi. Nimo hemani kwa Swailim, mfuga ngamia. Ana trekta. Gari liko bondeni. Kanimiminia kahawa, nimekunywa yote. Nimemwambia nimepita tu kumsalimu. Leo ndiyo siku ya kwanza.