Jiko Nililolinywesha Uji

Leo nimeumbuka. Tena nimeumbukia uani kwangu, hapa Somanda, mbele ya washenga.

Mnajua mdogo wangu Kabula kachumbiwa na kijana wa Mwanhuzi, kule Meatu. Washenga walikuwa waje leo alasiri. Tatizo, tulishasikia maneno kwamba upande wa kule wanaulizana, "Wale ni yatima, sasa nani atatupokea?" Hilo neno lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Nani atawapokea? Mimi! Niliyewalea hawa wawili, Kabula na Shija, tangu niache shule darasa la sita. Nikaapa watapokelewa mpaka wasimulie.

Asubuhi nikaenda dukani kwa Bwana Hamadi, pale karibu na stendi, kutafuta jiko la kuchomea nyama. Watu wa Meatu ni watu wa ng'ombe, huwezi kuwadanganya na nyama ya kukaanga. Tangu biashara iwe huria, duka lile halina kisichokuwemo. Akanionyesha jiko la pipa lililokatwa. Nikakataa, litapata kutu. Akanionyesha la bati la miguu mitatu. Nikaligusa, likayumba. Ndipo nikaliona. La kijani, mviringo kama yai la mbuni, lina mfuniko wake na kidirisha cha hewa chini.

"Hili ni udongo wa kuchomwa, mama," akasema. "Linatunza moto siku nzima. Ila lina masharti yake. Karatasi ya maelekezo hii hapa."

"Udongo?" Nikacheka. "Baba, mimi nimekulia kwenye vyungu. Chungu hakisomewi karatasi."

(Hapo ndipo mlipotakiwa kunishika mkono.)

Guta likanifikishia jiko nyumbani. Sasa, kila aliyelelewa na mama wa Kisukuma anajua: chungu kipya hakipandishwi moto kikavu, kitapasuka. Unakipaka mafuta ya ng'ombe, unakijaza uji mwepesi wa pumba, unakiacha kinywe mpaka kishibe. Nikafanya hivyo hivyo. Ndoo mbili nzima za uji. Kidirisha cha chini kikawa kinavuja, nikakiziba kwa bonge la ugali. (Akili hizo!)

Shija akatoka ndani, akasimama kuniangalia. Yeye kamaliza kidato cha nne, basi hawezi kupita bila kusahihisha.

"Dada, unalipikia jiko uji?"

"Linakunywa."

"Likimaliza utalibeba mgongoni licheue?"

Nikamfukuza. Saa nane nikauchota uji wote kwa kata, nikafuta ndani kwa kitambaa, nikajaza mkaa. Nisilolijua ni kwamba lile jiko ni vyungu viwili, kimoja ndani ya kingine. Nilikuwa nimekausha cha juu tu. Uji mwingine wote ulikuwa umejificha chini, unasubiri wageni.

Saa tisa wakaingia. Wazee watatu, makoti yamenyooka. Aliyetangulia ndiye mshenga mwenyewe, baba mkubwa wa bwana harusi, viatu vyeusi vimepigwa kiwi mpaka unajiona.

"Mwadila, mayu," akanisalimu Kisukuma, mayu yaani mama.

"Mwadila, baba. Karibuni."

Nikawakalisha karibu na jiko kabisa, waone. Nikaweka mguu mzima wa mbuzi, nikafunika kwa madaha. Nikasema, "Hili ni jiko la kisasa. Halitoi moshi."

Likatoa moshi. Mweupe, mzito, wenye harufu ya pumba. Halafu likaanza kunguruma.

Shija akaninong'oneza, "Dada, limevimbiwa."

"Nyamaza! Linataka hewa tu."

Nikachukua kisu, nikainama, nikachokoa ule ugali kwenye kidirisha. Ulikuwa umekauka kama tofali. Nikachokoa tena kwa nguvu.

Ukatoka wenyewe. Puh! Nyuma yake ukafuata uji. Wa kijivu, wenye majivu, unafoka mapovu, moja kwa moja kwenye vile viatu vya kiwi! Bahati nzuri ulikuwa vuguvugu. Mshenga akaruka akasimama juu ya kiti. Mzee wa miaka sabini, jamani! Ndani ya jiko nako kukalia "kaa!" Nikafunua mfuniko. Chungu cha ndani kimepasuka vipande viwili, mguu wa mbuzi umezama kwenye uji na mkaa.

Kabula amejifunika uso kwa khanga. Mimi nimepiga magoti na kisu mkononi, nawaza: basi, nimemharibia mtoto wa watu ndoa yake.

Mshenga akasema kutoka juu ya kiti, "Mayu, nimetumwa posa miaka mingi. Nimekaribishwa kwa maziwa, nimekaribishwa kwa maji. Kukaribishwa kwa uji wa miguuni, leo ndiyo mara ya kwanza."

Ikabidi niseme ukweli wote. Pumba, ndoo mbili, ugali. Wakacheka mpaka mmoja akavua miwani kufuta machozi. Halafu mshenga akashuka, akavua koti na viatu, akaomba mafiga matatu na wavu. Wageni wangu ndio waliouosha ule mguu wa mbuzi wakauchoma. Mimi nilipewa kazi ya kushika chumvi.

Tulipokwisha kula akanigeukia. "Kule waliniambia nikaangalie kama Kabula ana mkubwa. Nitawajibu anaye, tena mkubwa anayelisha mpaka majiko. Ng'ombe tutaleta."

Posa imepita! Sharti wameweka moja tu: siku ya harusi mchomaji nyama anatoka kwao, na mimi nikae hatua ishirini mbali na jiko.

Basi chekeni, ila polepole. Bwana harusi yumo humu kwenye kundi, na bado hajaambiwa kuhusu viatu vya baba yake mkubwa.