Sauti Ambazo Sikuzisikia

Jumatatu, 4 Machi
Jirani yangu wa dawati kaja na beji ya ile anime mpya, katuni ya Kijapani ya mapenzi na vichekesho. Muhula mzima sijamwambia zaidi ya samahani na ahsante. Leo kasema anatafuta mtu wa kujadiliana naye sauti za waigizaji. Kipaza, anayekaa nyuma yetu na hajawahi kunong'ona tangu azaliwe, akadakia kwamba yeye yupo. Mimi nina mpango: nitaandika makala ya ubao wa klabu ya wasomaji. Kuandika naweza. Kuongea ndiko kunakonishinda.

Jumanne, 5 Machi
Nimetazama sehemu ya kwanza kwenye simu ya dada. Dada ni muuguzi, katoka zamu, kalala kitanda cha pili. Kaniambia akisikia hata mlio mmoja nitamtambua. Nikazima sauti, nikasoma maandishi ya chini. Msichana wa hadithi, kila akimwona kijana wake, hufungua mdomo mpana kama sufuria. Ikanitosha. Nimeandika kwamba sauti ya mwigizaji wake inapasua anga kama kengele, na kwamba masikio yangu yalipenda kabla ya moyo. Nimeirudia sentensi hiyo hadi nikaona haya.

Jumatano, 6 Machi
Makala imebandikwa. Jirani kaisoma, kichwa upande, kacheka. Nikafurahi. Kisha akaniuliza taratibu kama kweli nimeitazama, maana yule msichana ananong'ona mwanzo hadi mwisho. Ndicho kichekesho chenyewe: mdomo wa sufuria, sauti ya mbu. Kipaza akalisomea darasa zima ile sentensi, akaongeza na mlio wa kengele.
Ningesema tu kwamba dada alikuwa amelala. Badala yake nikasema nina tatizo la sikio. Nikachagua la kushoto. Jirani hukaa kushoto.

Alhamisi, 7 Machi
Hanicheki tena. Ananiongelesha polepole, akiyaumba maneno kwa midomo, kwa huruma ya kunifanya nitamani ardhi inimeze. Kasema anaupenda ule mnong'ono kwa sababu naye huogopa kuongea na watu. Kasema ningemwambia mapema tungesikiliza pamoja, angekaa upande wa sikio zima. Nikajifanya sijasikia, akarudia. Ilikuwa tamu mara zote mbili. Hilo ndilo ninalolijutia zaidi.

Ijumaa, 8 Machi
Jirani, kwa wema wake, kamweleza mwalimu wa darasa habari ya sikio langu. Mwalimu kanihamishia dawati la mbele, peke yangu. Kasema nisione aibu, baba, mambo haya humpata yeyote. Nafasi yangu kapewa Kipaza. Kipindi chote cha hesabu walikuwa wakijadili sehemu ya pili. Kipaza akinong'ona. Kumbe anaweza. Nimesikia kila neno, kwa masikio yote mawili, wala sikuthubutu kugeuka.

Jumapili, 10 Machi
Nimewaza sana. Kesho naweza kumfuata Jirani nikamweleza ukweli wote. Pengine angecheka, pengine angenisogezea kiti. Nimejaribu kuyasema hayo mbele ya kioo, nikashindwa hata kujitazama.
Kuna njia nyepesi. Nitamwambia mwalimu kwamba kule mbele mng'ao wa ubao unaniumiza macho, anirudishe nilikotoka. Tangu asubuhi nafanya mazoezi ya kupepesa. Dada kaniuliza nimeingiwa na nini. Nimemjibu ni vumbi.
Safari hii sioni kitakachoharibika.