Nusu ya Kulia kwa Mashine

Jumatatu, 7 Machi 1966
Ilani. Kuanzia leo mimi, Gharib, mpiga polishi wa magari wa Ndia Kuu, nimeustaafisha rasmi mkono wangu wa kulia. Umetumika miaka tisa bila likizo. Nimeazima mashine ya umeme kwa binamu yangu, fundi wa gereji Mwembe Tayari. Sahani yake ina manyoya ya kondoo, yazunguka kama imetukanwa.

Mzee Kamaludin amuoza mwanawe Aidarus Ijumaa. Atakayeing'arisha vizuri zaidi ile Pijo yake nyeusi ndiye atakayeiendesha siku hiyo. Tumejitokeza wawili, mimi na Kenga, mpiga polishi mwenzangu. Kenga ana fulana kuukuu, nta, na subira. Namwonea huruma. Tayari najiona kwenye usukani, bwana harusi nyuma, mji mzima madirishani.

Jumanne, 8 Machi
Tumegawana gari: kushoto Kenga, kulia mimi. Umeme nautoa dirishani kwa Bi Mwanaesha, mke wa Mzee. Kila akitaka kupiga pasi anichomoa. Nikamwambia kwa adabu kuwa gari ni la harusi. Akasema kanzu nazo si za matanga. Nimefanya kazi robo saa, nimepumzika saa tatu. Kenga amefika mlango wa nyuma. Aimba.

Jumatano, 9 Machi
Bi Mwanaesha katoka kualika watu. Umeme wote wangu! Mashine iko ukingoni mwa boneti, akapita jirani, akanisalimu. Nikageuka kumjibu, kama mtu aliyelelewa. Habari za nyumbani, za wazee, za goti la shangazi yake, za goti la pili. Kurudisha macho, doa la kijani, pana kama kisahani cha kahawa.

Mzee huapa gari lilitoka melini jeusi.

Kenga kaja kutazama. Akasema, "Ndugu yangu, umechimba hadi ukamfikia mwenyewe wa kwanza."

Nimepaka dawa ya viatu, nyeusi, mara tatu.

Alhamisi, 10 Machi
Mzee kavaa miwani, kazunguka gari. Upande wa Kenga kausifu. Kwangu kaiona sura yake mwenyewe, na sura ile aipenda. Nimeshinda. Kenga hakutaja doa. Ana roho safi, au ana jambo.

Ijumaa, 11 Machi
Kanzu mpya. Kofia ya kazi ya sindano. Usukanini tangu adhuhuri. Alasiri wapishi wakafungua mlango wa nyuma, wakaingiza masufuria matatu ya biriani. Nikauliza bwana harusi yuko wapi. Wakaniuliza apandishwe gari kwenda wapi, na msikiti uko kichochoro cha pili. Hilo nilikuwa nalijua. Sikuwa nimelifikiria.

Msafara ukanipita kwa miguu, matari mbele. Kenga ndiye aliyemshikia bwana harusi mwavuli. Nami nimeendesha polepole mno. Haikumwagika hata punje, na harufu ilikuwa nzuri njia nzima.

Jumamosi, 12 Machi
Mzee kaja na vidole vyeusi. Nimemweleza kuwa polishi ya mashine hutoa jasho siku za mwanzo. Kanitazama sana, kaondoka.

Kosa nimeshaliona: ni ile nusu ya kushoto, iliyopigwa kwa mkono. Harusi ijayo ya nyumba hii nitapiga mashine gari zima, na nitahakikisha posa inapelekwa mbali, ng'ambo ya Makupa, ili bwana harusi asiwe na njia ila kupanda. Binamu ameahidi mashine kubwa zaidi. Nimelala mchana wote kwa raha.

Mzee Kamaludin ana mtoto mmoja tu.